Redio Imekata Tena

Kamyoni ikitoka Uvira kwenda Baraka kwa barabara ya taifa namba 5, cha kwanza kufa ni redio. Injini inavumilia, springi zinavumilia, na akina mama waliokaa juu ya magunia wanavumilia kwa sauti. Redio, ambayo kazi yake ni kusema tu, inazimika kwenye shimo la kwanza lenye heshima zake.

Fundi hakosi maelezo. Kamyoni ina umeme wa volti 24, redio iling'olewa kwenye taksi ya volti 12. Basi waya umedokolewa kwenye betri moja kati ya mbili, ukafungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Mtikisiko ukizidi, waya unachomoka. Konvoyeri anaipiga dashibodi kofi, msemaji anarudi katikati ya sentensi.

Na sentensi ni ileile: kazi za kutengeneza barabara zitaanza mwezi wa... Shimo. Kimya. Sisemi ni makusudi, lakini shimo linaloweza kuchagua neno la kumeza linastahili cheo serikalini.

Afadhali walio juu, kwenye milima ya Bibokoboko. Mawimbi ya FM hayapindi kona za milima kama shofere wetu. Huenda moja kwa moja, na aliye mlimani huyadaka vizuri. Huko kamyoni hazisumbui, kwa hiyo mwenye kiredio cha betri husikia tangazo lote, mwezi na mwaka. Mwaka wenyewe ulishapita.