Halali Hatuitaki

Hata mwenye genge hukuacha ubinye embe kabla hujalipa. Kompyuta haina ukarimu huo. Unaitoa kwenye boksi, Windows imeshajikalia ndani, gharama yake imo kwenye bei uliyolipa, na wa kukuuliza unataka ipi hayupo.

Umoja wa Ulaya ulilivalia njuga jambo kama hili: kivinjari cha Microsoft, mwenye Windows, nacho kilikuja kimeshajikalia ndani. Mwaka 2009 Microsoft ikaahidi kuwaonyesha watumiaji orodha ya vivinjari, kila mtu achague chake. Baadaye orodha ikayeyuka kwa watu wapatao milioni 15, zaidi ya mwaka mzima, na kampuni ikasema ni hitilafu ya kiufundi. Mwaka 2013 ikatozwa faini ya yuro milioni 561. Nami mwezi huu nitamjaribu mwenye nyumba wangu: kodi haijaingia, hitilafu ya kiufundi.

Oktoba 14, 2025 Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti ya mganga: chipu ya usalama ya TPM 2.0, prosesa ya juzi juzi. Kompyuta inawaka, inachapa, inaambiwa imezeeka. Na mfumo huria wa Linux upo tangu 1991, unazipokea mashine kongwe bila kununa.

Lakini wanaonichosha zaidi ni sisi wenyewe. Jirani yangu wa steshenari nimemweleza mpaka koo limekauka: kuna LibreOffice, programu huria, inaandika barua, inapiga hesabu, hailipiwi.

"Bure? Hao wanakula nini? Hapo pana kitu, kaka."

Msema hayo kompyuta zake zote zina programu za wizi, alizowekewa na fundi kwa elfu kumi, virusi juu. Nikamkumbusha kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatutolea Jambo OpenOffice, programu ya aina hiyo hiyo kwa Kiswahili, tangu 2004. Akacheka: "Wateja si watanikimbia!"

Kumbe tunachokiamini ni bei. Na bei inaruhusiwa! Richard Stallman, mwasisi wa harakati za programu huria, mwaka 1985 alikuwa akiuza kanda za Emacs, programu yake, kwa dola 150. Leseni za programu huria hazikatazi kuuza. Zinachotaka ni mnunuzi awe na haki ya kuichungulia programu, kuirekebisha na kumgawia mwenzake.

Basi tangazo: kwangu LibreOffice ni elfu thelathini, kuwekewa na kufundishwa. Atakayeomba punguzo nitampandishia, asije akadhani ni feki.