Gari Lililolala Uani

Asubuhi ya nne tangu tulinunue, Mama Watoto alifungua dirisha la jikoni akaniita kwa sauti ya mtu aliyeona mgonjwa. "Baba, njoo. Gari limekaa chini." Kweli, jipu lilikuwa limeinamia kushoto, tairi la nyuma limezama ndani ya madigadi.

Tulilinunua kwa ajili ya mama yake. Anakaa Lushoto, magoti yamechoka, na lami ikiisha njia ya kwenda kwake ni tope tupu wakati wa masika. Jipu la Ulaya, viti saba, dizeli ya silinda sita, namba C, milioni 22. Dalali mwingine alikuwa na kigari cha Kijapani namba E kwa bei hiyo hiyo. Kilichotushinda ni swichi moja: ukiibonyeza, gari linashuka lenyewe, mzee anapanda bila kuhangaika. Mke wangu alipoiona akasema, "Hili la mama."

Hatukujua kwamba gari la kifahari hushuka bei kila mwaka, lakini spea zake hazishuki nalo. Jipu lile halina springi. Limesimama juu ya mipira minne ya hewa, nayo hujazwa na kompresa ya umeme. Fundi wa kwanza alichomeka mashine ya kupimia akasema kompresa imekufa. Mpya ilikuwa milioni mbili na ushee. Tukaenda Gerezani, tukapata ya mtumba kwa laki saba, na laki moja ya ufundi. Gari likanyanyuka. Baada ya wiki sita likalala tena, na kompresa ile imeanza kuungua.

Laki nane zile zilikuwa za saruji. Tunajenga Chanika, tumefika kwenye lenta, na mke wangu alizitoa kwenye mchezo wa akina mama, zamu aliyoingoja mwaka mzima. Hakunilaumu. Alinyamaza siku mbili, na kimya kile kilinielemea kuliko deni. Siku ya tatu akauliza jambo ambalo fundi hakuliuliza: "Baiskeli ikiishiwa upepo, mnabadilisha pampu?"

Akakoroga sabuni ya unga kwenye beseni la kufulia, akaniambia niwashe gari, kompresa isukume hewa kwa nguvu iliyoibakia. Akatandika kanga kuukuu, akalala ubavu, akaanza kupaka povu kwa brashi ya viatu. Kwenye mpira wa nyuma kushoto povu likachemka. Raba ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo kwa uzee, nyufa nyembamba kama nywele. Hewa ilikuwa ikitoka usiku na mchana, kompresa ikikimbizana nayo kila gari likiwaka, mpaka inaungua.

Fundi wa pili, mzee wa Ilala, alishauri tuachane na hewa, atufungie springi za kawaida ambazo hazitatusumbua tena. Niliafiki mara moja. Mke wangu akakataa. "Springi hazishuki kwa swichi, Baba." Basi tukanunua mipira yote miwili ya nyuma, maana ilizeeka pamoja, na kompresa nyingine. Na mzee yule akatuonya kuhusu mkanda wa taiming: ukikatika njiani, vali na pistoni zinagongana, na hapo tungekuwa tunatafuta injini. Tukaubadilisha nao. Lenta ikaendelea kusubiri.

Desemba tukapandisha kutoka Mombo, kona kwa kona. Mama alitoka na mkongojo wake. Mke wangu akabonyeza swichi, jipu likatoa pumzi ndefu, likashuka taratibu mbele yake. Mama akaliwekea mkono ubavuni. "Ahsante, mwanangu," akaliambia, akapanda.

Usiku ule sikulala vizuri. Alfajiri nilimkuta mke wangu ameshatoka na tochi, amechuchumaa nyuma kushoto, ameingiza mkono kati ya tairi na madigadi.

"Vidole vinne," akasema. "Kama jana."