Muulize Mzee wa Kibua: Hazina Tupu, Mapadri Tele

*Mzee, nacheza Medieval II: Total War kwenye simu, natawala Venice. Wafanyabiashara wangu hawaingizi kitu, na wa jirani wananifilisi. Nifanyeje?*
*Mfalme Mfuko-Mtupu, Kibua*

Mfalme, umewarundika wote mlangoni pako. Mchezo huo hulipa umbali: kadiri mali ilivyo mbali na mji mkuu, ndivyo faida inavyopanda. Wapeleke Timbuktu kwenye dhahabu na pembe. Ila mwanagenzi asisimame karibu na mkongwe wa taifa lingine, atanyang'anywa papo hapo. Na ushukuru: huko hakuna vizuizi vya barabarani. Bidoni ya mawese ikitoka Walikale kwenda Masisi hulipa kila kamba inayovuka njia.

*Mzee, nami nacheza mchezo huohuo, na ni mcha Mungu. Papa ameita vita vya msalaba, nikaenda. Sasa Misri haifanyi biashara nami, mji nilioteka unaasi, na mchunguzi wa imani wa Papa amemchoma moto jenerali wangu!*
*Askofu Bila Sahani, Nyabiondo*

Pole, Askofu. Mapadri hutangulia jeshi. Mji ukibaki na dini yake, utakuasi hata ukiujaza askari. Na nchi yako umeiacha bila padri, wazushi wakazagaa. Hapo ndipo wachunguzi hujitokeza, na hawaulizi nani ni jenerali wako.

Lakini ugonjwa wako, dini bila hesabu, ni wa zamani kuliko simu. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, pwani ya Afrika Mashariki, mwaka 1331, akamkuta Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, Baba wa Zawadi. Dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini, ilipita mikononi mwa Kilwa. Sultani alivamia nchi za bara kwa jina la dini, akitenga fungu la tano la ngawira kama Kurani inavyoagiza, na masharifu wakimjia kutoka Iraki na Hijazi kuchukua chao. Ijumaa moja fakiri wa Yemen akamwomba nguo alizovaa, akamvulia. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani, kusikia watu wanasifu, akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe! Alipofariki, nduguye Daudi akawaambia waombaji kwamba mtoaji amekufa, hakuacha kitu. Wengi humwona Daudi bahili. Mimi namwona mhasibu.

Basi fanya amani na Misri, fungua bandari, ndipo ujenge kanisa.

*Mzee, mume wangu anapigania Yerusalemu usiku kucha. Asubuhi simu haina moto, na wateja wangu wanalipa kwa simu.*
*Mama Muuza Mihogo, Kashebere*

Mama, simu ni duka lako. Ilale kwako. Akitaka ufalme, alipie chaji mwenyewe.

Wanaouliza namna ya kumhonga Papa wasiniandikie tena. Mtumieni balozi na fedha. Mchezo unaruhusu, naye hupokea.