Sifa za Jiwe Lisilo na Bei

Katika orodha ndefu ya vitu vilivyosingiziwa na wanadamu, jiwe la kawaida, yaani lile ambalo sonara hawezi kulitia kwenye pete wala mwashi kulihesabu katika msingi, lina haki ya kukaa safu ya mbele, na haki hiyo haionekani popote waziwazi kama linapopakiwa katika gari-nyumba. Gari-nyumba ni gari kubwa, au trela ya kukokotwa, lenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji, ambalo Wamarekani wengi, hasa wanandoa waliokwisha kustaafu, hulitumia kuizunguka nchi yao kwa miezi bila kulala hotelini. Wamo miongoni mwao ambao safari kwao ni kisingizio tu cha kuokota mawe: huteremka na nyundo, ndoo na kofia pana, wakainamia jangwa tangu asubuhi, na jioni wakarejea na mzigo ambao hakuna mnunuzi atakayeutolea hata senti. Mzigo huo ndio unaosifiwa hapa.

Likipimwa kwa nasaba, jiwe hilo halina mpinzani. Akiki na yaspi, ambayo huokotwa kwa wingi katika majangwa ya Arizona, ni ukoo mmoja na kwatzi, madini ya silikoni na oksijeni, na akiki nyingi huzaliwa pale maji yenye madini hayo yanapopenya katika matundu ya mwamba wa volkano na kuacha utando juu ya utando kwa muda ambao hakuna aliyekuwapo kuuhesabu. Vipo pia vipande vya miti iliyogeuka jiwe, yaani magogo yaliyozikwa kwenye tope zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, mbao zake zikaondoka taratibu na madini yakashika nafasi yake hata pete za mti zikabaki zikisomeka. Wazee wa umri huo wangeweza kudai kiti cha mbele, lakini hukubali kulazwa chini ya sinki pamoja na mabomba.

Uzuri wake nao una haya. Jiwe likiwa kavu hufanana na mawe mengine yote. Mke akilinyunyizia maji, au akililamba kama wafanyavyo wazoefu, hujitokeza wekundu wa damu na mistari myeupe iliyopangana kama ukili. Kabla mume hajaipata miwani yake jiwe limekwisha kukauka, naye huonyeshwa kitu cha rangi ya vumbi na kutakiwa aamini. Likiwekwa mezani ili litazamwe vizuri zaidi, meza ndiyo hudhurika, kwa sababu katika kipimo cha ugumu kilichobuniwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huipa almasi daraja la 10, kwatzi ina daraja la 7, na hivyo hukwaruza kioo cha dirisha na visu vingi vya jikoni.

Hata heshima za mazishi limekabidhiwa. Katika Quartzsite, mji mdogo wa Arizona ambao kila majira ya baridi huzingirwa na magari-nyumba kwa maelfu na meza za wauza mawe, kaburi mashuhuri ni la Haji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa katika miaka ya 1850 kutoka Dola ya Uthmaniya kulitumikia jeshi la Marekani, na ambaye ndimi za wenyeji zililigeuza jina lake kuwa Hi Jolly. Alifariki mwaka 1902, na mwaka 1935 akajengewa piramidi ya mawe ya aina hiyohiyo inayookotwa jangwani, juu yake akasimamishwa ngamia wa shaba. Hakuna aliyependekeza almasi.

Washitaki wa jiwe hushika hasa hoja ya uzito, na hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa utulivu. Kila gari-nyumba lina kibandiko kinachotaja mzigo wa juu unaoruhusiwa, na wanandoa waangalifu huhesabu maji, kilo moja kwa kila lita, huhesabu nguo na vyombo, lakini jiwe hawalihesabu, kwa kuwa huingia moja moja, kila moja likiwa dogo mno kulaumiwa. Kwatzi ina uzito wa mara mbili na nusu na ushei kuliko maji ya ujazo uleule, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa mawe, pamoja na nafasi tupu kati yake, huzidi kilo 30 bila shida. Droo hung'oka kitako kwenye kona; kabati hufunguka na kumwaga sukari; springi hulala; mwishowe tairi lililochemka kwa joto na mzigo hupasuka mahali pasipo na mti. Jeki, kama ilivyo ada, iko chini ya mawe yote. Basi mume hulazimika kuyapanga kando ya barabara, moja baada ya jingine, na ndipo anapoyaona kwa mara ya kwanza, wakati mkewe, aliyesimama kivulini mwa gari, ameangalia chini na kuokota jingine. Na likitafutwa la kuzuia gurudumu gari lisirudi nyuma, jambo ambalo kila utingo wa lori Afrika Mashariki hulijua bila kufundishwa, msaidizi aliye karibu ni mshitakiwa yuleyule.

Filamu *The Long, Long Trailer* ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Vincente Minnelli na kuchezwa na Lucille Ball na Desi Arnaz, ambao walikuwa mke na mume hata nje ya filamu, ilijengwa juu ya kesi hiyo. Bibi harusi huokota mawe ya ukumbusho njiani, huamriwa ayatupe kabla ya kupanda milima, naye huyaficha ndani ya trela. Mlimani mawe hubiringika, na ndoa hukaribia kuvunjika. Watazamaji wengi humcheka mke. Haki ingedai wamuulize mume kwa nini hakukagua makabati.

Sheria yenyewe iko upande wa jiwe. Katika ardhi nyingi za umma zinazosimamiwa na serikali kuu ya Marekani, mtu mmoja huruhusiwa kuchukua kilo 11 hivi za mti uliogeuka jiwe kwa siku, pamoja na kipande kimoja cha ziada, na zisizidi kilo 113 hivi kwa mwaka, mradi asiziuze. Wanandoa, wakiwa watu wawili, wanaweza basi kuliangamiza gari lao kihalali kabisa. Katika hifadhi za taifa ni marufuku. Katika Hifadhi ya Taifa ya Petrified Forest, Arizona, wageni walioiba vipande wamekuwa wakivirudisha kwa posta pamoja na barua za kuungama mikosi iliyowapata, na kwa kuwa haijulikani kila kipande kilitoka wapi, vyote hurundikwa mahali pamoja, kwenye rundo lililopewa jina la dhamiri. Ni vyombo vichache vya nyumbani vyenye uwezo wa kumrudisha mwizi posta.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini hawakuwahi kusafiri na mawe katika gari-nyumba, ambamo mzigo wa mmoja huwakalia wote wawili kwenye ekseli ileile. Safari ikiisha, jiwe hushushwa na kuwekwa bustanini, kando ya mlango, mahali pa kujikwaa. Msomaji atakayekaribishwa kwa wanandoa hao alilowanishe kwanza kwa maji kidogo, kisha aulize liliokotwa wapi. Na awe na nafasi, kwa sababu atajibiwa na watu wawili kwa mpigo, na majibu hayatafanana.