Sifa za Picha Inayotoboa Siri

Waandishi wa kale hawakuona haya kuvisifu vitu duni. Lucian wa Samosata aliandika kumsifu nzi, na Erasmus wa Rotterdam akachapisha mwaka 1511 kitabu ambamo Upumbavu wenyewe unapanda jukwaani na kujimwagia sifa. Kwa kuwa nzi na upumbavu wamekwisha kupata mawakili wao, ni haki sasa mnyonge mwingine naye atetewe, naye ni picha inayotoboa siri, yaani ile picha ambayo mtu aliyekwisha kukiona kilichofichwa huipiga na kuisambaza, ili wanaomfuata wasipate tabu ya kutafuta.

Maskani ya asili ya picha hiyo ni mchezo uitwao jiokeshingi, ambao ni usakaji wa makasha kwa msaada wa setelaiti. Hadi usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yaliyoachiwa raia, hata kifaa cha mkononi kikaweza kukosea kwa kiasi cha mita 100. Vurugu hiyo ilipoondolewa, tarehe 3 Mei Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake katika intaneti, na ndani ya siku tatu watu wawili walikuwa wamekwisha kuifikia. Tangu hapo mchezo umeenea, na makasha yanayosakwa duniani yamepita milioni tatu, mengi yakiwa na daftari dogo ambamo aliyelipata kasha hutia jina lake kabla ya kulirudisha palepale alipolikuta.  

Adabu za mchezo huu zimeinyanyasa picha kupita kiasi. Msakaji ana ruhusa ya kupiga picha ya mandhari, ya wenzake, hata ya viatu vyake vilivyojaa tope. Asichoruhusiwa ni kulionyesha kasha likiwa shimoni mwake, au jiwe lililolifunika likiwa pamoja na mti ulio jirani, kwa maana mtazamaji akiviunganisha viwili hivyo atakwenda moja kwa moja bila kupapasa. Picha ikivuka mpaka huo, mwenye kasha, yaani yule aliyelificha na anayelitunza, ana haki ya kuiondoa, na aliyeiweka hutarajiwa kunyamaza. Aliyeshindwa kabisa huelekezwa amwandikie mwenye kasha kwa faragha, aeleze alikotafuta na alichokwisha kukigeuza, kisha asubiri jibu. Hata kidokezo kinachotolewa rasmi hufungwa kwa fumbo: kila herufi hubadilishwa na ile iliyo hatua 13 mbele yake katika alfabeti ya herufi 26, hivi kwamba neno ngazi husomeka atnmv na jiwe likawa wvjr. Kufuli hilo hufunguka kwa mbonyezo mmoja tu. Kazi yake ni ile ya pazia la mlangoni, ambalo halimzuii mtu kuingia ndani, bali humlazimisha akiri kwamba ameingia kwa hiari yake.

Picha haina fumbo la namna hiyo, na macho, kama Waswahili wasemavyo, hayana pazia. Mtu aliyefungua simu kwa nia ya kujua tu kama njia ina matope hujikuta amekwisha kuona shimo, jiwe na kasha kabla hajapata nafasi ya kukataa. Hapo ndipo ukarimu wa picha unapouzidi ukarimu wote mwingine, kwa kuwa ukarimu wa kawaida husubiri mwenye shida apige hodi, ilhali huu huvunja mlango na kumkuta mtu ambaye hana shida yoyote. Kasha hupewa daraja ya ugumu kuanzia 1 hadi 5, na wapo waliokesha wakibuni mafumbo ili walifikishe kwenye 5. Picha moja hulishusha hadi 1 bila kuligusa. Moyo wa mpiga picha nao unastahili kutafakariwa. Yeye mwenyewe alitafuta, akachoka, akakata tamaa, akapata, akafurahi. Kisha akaona si haki mtu mwingine ateswe na furaha kama ile. Anayemlaumu kwa kumwaga mtama penye kuku wengi hujibiwa kwamba mficha uchi hazai, na mjadala huishia hapo, kwa sababu methali hiyo haijapata kushindwa na mtu aliyevaa nguo.

Jadi ya Kiswahili yenyewe inahitaji kusahihishwa na picha hii. Katika kutegeana vitendawili jibu halikutoka bure: hadhira ikishindwa, mtegaji hudai apewe mji, nao humtajia huu na ule mpaka apate anaouridhia, ndipo afumbue. Desturi hiyo ilifanya jibu liwe na bei, na bei yenyewe ilimpa aliyeshindwa nafasi ya kufikiri mara ya mwisho, maana hakuna atoaye mji kwa haraka. Bila shaka wako watu waliopoteza Mombasa na Unguja kwa jioni moja, eti kwa kutojua kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai. Laiti angetokea msamaria wa kupitisha picha ya yai nyuma ya mgongo wa bibi anayetega, miji hiyo ingebaki mikononi mwa wenyewe, na watoto wangelala mapema.

Lakini anayetaka kuiona heshima kamili ya picha inayotoboa siri na aje Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mji huu, ambao enzi za Wabelgiji uliitwa Costermansville, umekaa juu ya rasi zinazoingia katika ziwa Kivu na juu ya vilima vinavyopanda kutoka ukingoni, na ukingo wenyewe uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Katika mitaa iliyosongamana ya Kadutu nyumba hukaa juu ya nyumba, paa la jirani wa chini likilingana na kizingiti cha jirani wa juu, na njia ya kuzifikia huwa ngazi za udongo au za saruji ambazo hazina jina wala namba. Simu ya kawaida, ikiwa chini ya anga wazi, hukosea kwa takriban mita 5. Penye tambarare hizo ni hatua chache za kusogea. Penye mteremko wa Kadutu mita tano za ramani zaweza kuwa ngazi nzima ya kupanda, ua mwingine, mbwa mwingine na familia nyingine iliyokaa mezani, kwani nukta ya ramani haisemi kama iko juu ya ukuta au chini yake. Mwenyeji anayemngoja mgeni anajua hayo, na kwa hiyo haziamini namba peke yake. Hutuma kwa WhatsApp picha ya geti la buluu, ya kibanda cha vocha kilicho mkabala nalo, na ya nguzo ya umeme iliyoinama. Dereva wa pikipiki ya abiria, ambaye watu wa mji humwita motari, huishika simu ya mgeni, huikuza ile picha kwa vidole viwili, hulipuuza geti ambalo mgeni anadhani ndilo la maana, hutazama ufa ulio ukutani nyuma yake, kisha huwasha pikipiki bila kuuliza zaidi.

Faida zilizopatikana kwa njia hiyo ni nyingi mno. Zamani mgeni alilazimika kushuka Nyawera au penye soko la Kadutu, asalimie, aulize kwa Papa Fulani ni wapi, asubiri mama muuza makala amalize kumpimia mteja, ajibu yeye ni nani na ametoka kwa nani, arekebishwe namna alivyolitamka jina la mtoto wa kwanza ambaye Papa huyo huitwa kwa jina lake, na mwishowe akabidhiwe kijana wa kumsindikiza. Alipofika mlangoni mtaa mzima ulikuwa umekwisha kujua kwamba Papa Fulani ana mgeni, mwenyeji alikuwa amekwisha kupelekewa habari, na maji yalikuwa motoni. Usumbufu wote huo umeondolewa. Sasa mgeni hufika bila kujulikana na mtu, hupiga hodi kwa mwenyeji asiyejiandaa, na akipatwa na jambo njiani hakuna wa kusema kwamba alimwona akipita.

Ipo hata hivyo hoja moja ambamo kejeli inabidi ikae kando, kwa sababu ndani yake picha ina haki kweli. Mchezo wa kuficha vitu uliasisiwa na watu ambao kwao boksi lililofichwa ni fumbo la kuchekesha, na hata miongoni mwao mambo yamewahi kwenda mrama: mwaka 2011, katika mji wa Wetherby nchini Uingereza, kasha la mchezo huu lilidhaniwa kuwa bomu, na wataalamu wa jeshi wakalilipua. Bukavu ni mji wa mpakani, ambapo mto Ruzizi hutoka ziwani na kuutenga na Rwanda, na wakazi wake wameona majeshi yakiingia mwaka 1996, 1998, 2004 na 2025. Mtu atakayeonekana akiingiza mkono chini ya daraja na kutoa kopo lililofungwa kwa utepe hatapewa muda wa kueleza kanuni za burudani. Kamera nayo haitamwokoa akiitumia ovyo, kwa maana nchini Kongo kupiga picha za madaraja, mipaka na kambi za askari ni jambo linalomtia mtu matatani upesi. Kwa mazingira hayo picha iliyo wazi, inayolionyesha kopo likiwa limefunguliwa, na ndani yake daftari, kalamu ya risasi na kidoli, ikakabidhiwa mapema kwa mkuu wa mtaa na kwa majirani, ni adabu bora kuliko siri yoyote, kwa sababu kitu kilichofichwa mahali ambapo watu wamezoea kuogopa vilivyofichwa si mchezo kwao hata kidogo.

Baada ya ukweli huo mfupi sifa zirejee, na zifike kilele chake katika hifadhi ya Kahuzi-Biega, kiasi cha kilomita 30 kutoka mjini. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1970, kupanuliwa mwaka 1975 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1980, huwatunza gorila wa Grauer, wanyama ambao makazi yao yote yako mashariki mwa Kongo. Mgeni anayepelekwa kuwaona kutoka kituo cha Tshivanga huvaa barakoa, hukaa nao saa moja na huzima mwanga wa kamera. Hayo huyatimiza kwa unyenyekevu, kisha hurudi hotelini na kuipeleka duniani picha safi ya dume wa mgongo wa fedha akitafuna shina. Picha hiyo haina njia, haina kilima wala kibao, na mtazamaji wa kawaida atasema haijatoboa siri yoyote. Lakini simu nyingi, zisipozuiwa, huandika ndani ya faili ya picha latitudo na longitudo za pale ilipopigwa, na faili hiyo ikitumwa ilivyo huenda na namba zake. Gorila huhama, na kila jioni hujenga kiota kipya, ila hawaendi mbali kwa siku moja: wafuatiliaji wa hifadhi huanza asubuhi palepale walipowaacha jana, wakafuata majani yaliyovunjwa na kinyesi mpaka wawapate. Kinachowatosha wafuatiliaji kinamtosha pia jangili. Mwaka 1993 majangili walimwua Maheshe, dume mashuhuri aliyekuwa amezoeshwa kutembelewa na watu, nao walilazimika kuufanya uovu huo bila msaada wa simu yoyote, kwa miguu na kwa kuujua msitu wenyewe. Picha ya siku hizi ingewapunguzia safari. Hiyo ndiyo fadhila yake kuu, nayo ndiyo inayoitofautisha na mwenyeji, na motari, na bibi mtega vitendawili, ambao wote humtazama anayeuliza kabla ya kumjibu: picha haimtazami mtu usoni, haimwulizi ametoka kwa nani, na humwelekeza mtalii na jangili kwa moyo uleule.

Kwa hiyo picha inayotoboa siri ipewe haki yake yote. Itumwe kwa aliyeiomba, kwa jina lake, baada ya mwenye kasha au mwenye nyumba kuridhia; ya gorila itumwe ikiwa imeondolewa namba zake; na ile inayobandikwa hadharani bila kuombwa na mtu iridhike na sifa ilizopata hapa, kwa maana haitapata nyingine.