Supu Mbili, Abiria Mmoja

Tangu mwaka 2010, Mamlaka ya Mapato ilipotuletea mashine za EFD, nimekuwa nikihimizwa nidai risiti. Redioni wananihimiza, kwenye mabango wananihimiza. Na miaka yote hiyo nikifika Kariakoo jibu langu ni lilelile: risiti ya nini, kaka, wewe nipunguzie bei.

Mungu si Athumani. Risiti zote nilizozikataa Kariakoo zilikuja kunidai Hamburg.

Nilikuwa natoka kumwona mpwa wangu, muuguzi kule Kiel. Alinisindikiza mpaka stesheni asubuhi, akaniambia, "Mjomba, ukifika Dar nitumie ujumbe," akaenda kulala maana alikuwa na zamu ya usiku. Ilikuwa Januari. Ndege yangu kutoka Hamburg ilikuwa ya jioni, nibadilishe njiani, kesho yake mchana niwe nyumbani nakula ugali. Ubao ukasema imechelewa nusu saa. Kisha saa moja na nusu. Ilipogonga saa tatu usiku ukaandika kwa wekundu kwamba safari imefutwa.

Sababu, theluji. Mimi ni mtoto wa Ilala, theluji siijui na sibishani nayo. Ila nimesimama dirishani naziona ndege za mashirika mengine zinaondoka moja baada ya nyingine, taa zinawaka, watu wanakwenda makwao. Theluji ile ilikuwa inachagua.

Foleni ya kaunta ilinikumbusha siku za kugawiwa sukari. Nilipofika mbele, dada wa watu alikuwa hoi, macho yamemwiva. Vocha za hoteli zimekwisha, za chakula zimekwisha. Akanipa karatasi moja na maneno matatu ya msingi: tafuta hoteli, tunza risiti, utadai.

Ile karatasi niliisoma nikiwa nimekalia begi langu, na nakiri ilinigusa. Ni Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya. Inasema ndege ikiondoka kwenye uwanja wa nchi ya Umoja huo, liwe shirika la nani, uwe na pasipoti ya rangi gani, wakikufutia safari na ukasubiri nyingine wakulishe, wakulaze hotelini ikibidi kulala, wakupeleke huko na kukurudisha. Wala kisingizio cha hali ya hewa hakiwaondolei mzigo huo. Mimi nimeshalala Mikese ndani ya basi lililovunjika ekseli. Haki yangu pale ilikuwa kununua mahindi ya kuchoma kwa hela yangu na kusikilizwa na konda nikilalamika, na kusikilizwa kwenyewe kwa zamu.

Kuna kipengele kimoja nilikirudia mara mbili nikidhani ni uchovu. Abiria aliyekwama anastahili bure simu mbili, au teleksi mbili, au faksi mbili, au barua pepe mbili. Teleksi! Nikamfikiria mama watoto Tabata, usiku ule, anapokea teleksi.

Sasa, kwenye foleni nyuma yangu alikuwepo bibi mmoja wa Tanga, ametoka kumwona mjukuu mchanga. Alinisikia nikisema "jamani" kwa sauti, akajua ni wa kwao. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, hawa wanasemaje?" Tangu hapo tukawa ukoo mmoja. Chumba chake mwanawe aliye Dubai alikilipia kwa simu, chini ya dakika tano. Changu nililipa mwenyewe, euro 94, nikasikia kadi inaguna.

Jiko la hoteli lilikuwa linafungwa. Kilichobaki ni supu ya dengu, euro 6.90 bakuli. Bibi ana dola zake zimefungwa kwenye pindo la kanga na hapo hawapokei dola. Ningefanyaje? Niagize bakuli moja, ninywe, bibi ananitazama? Niliagiza mawili. Bibi akaonja, akakiweka kijiko chini taratibu. "Mwanangu, dengu hizi hawakuzitia nazi." Nikamwambia wamesahau. Akala zote, akaniombea dua ndefu iliyotaja mpaka magoti yangu.

Risiti nikaletewa bila kuomba. Ujerumani tangu Januari 2020 sheria inamlazimu mwenye duka mwenye mashine akupe, hata umenunua andazi. Kabla ya kuikunja niliipiga picha nikamtumia mama watoto, sababu si busara, sababu ni uchungu. "Tazama, supu karibu elfu ishirini. Ya dengu." Kisha nikaitia kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho cha NIDA.

Nimefika Dar, habari zimenitangulia. Mpwa wangu alikuwa ameandika kwenye kundi la ukoo kwamba safari kama yangu, ya zaidi ya kilomita 3,500, ikifutwa ghafla ina fidia ya euro 600, mbali na hoteli na chakula. Ni kweli, isipokuwa sababu ikiwa nje ya uwezo wa shirika fidia hiyo haipo. Hiyo "isipokuwa" hakuna aliyeisoma. Shemeji akanipigia kuulizia bati za banda lake. Mdogo wangu akanikumbusha ada, kwa upole wa mtu anayejua zimeingia. Hata fundi wa geti, ambaye namkwepa tangu Ramadhani, alinipa pole ya safari kwa namna iliyonitisha.

Nikaziomba hizo euro 600, nikajibiwa kwa siku mbili tu kwamba theluji ni kudra. Hizo 600 zikafa hapo, na kwenye ukoo bado nasemwa nimezificha.

Vita ikawa ya supu.

Fomu ya madai iko mtandaoni. Inataka jina lako kama lilivyo kwenye tiketi, nayo tiketi ilikuwa imeyaunganisha majina yangu yote matatu kama mabehewa. Inataka kila risiti peke yake, inayosomeka, isizidi megabaiti mbili. Nikafungua pochi. Hoteli, sawa, ile ni karatasi ya kawaida. Teksi, euro 18.40, imepauka lakini utaisoma ukiilaza juani. Chai ya asubuhi, euro 7.20, inasomeka nusu. Ya supu ilikuwa nyeupe kama sanda. Karatasi zile huandikwa kwa joto na hufutwa kwa joto, na mimi nilikuwa nimeikalia daladala za Gongo la Mboto wiki mbili nzima.

Hapo ndipo umbeya wangu kwa mama watoto uliponiokoa. Nikarudi kwenye ujumbe wetu, nikapita salamu, nikapita picha ya mwanasesere aliyevunjika, nikaikuta: risiti, kidole gumba changu, na pembeni kipande cha kanga ya bibi. Nikaituma.

Wiki ya sita likaja jibu. Wananishukuru kwa uvumilivu wangu, ambao sikumbuki kuwapa. Hoteli wamekubali. Teksi wamekubali. Chai wamekubali. Kuhusu chakula cha usiku, wamebaini supu mbili zilizoagizwa dakika moja, na abiria kwenye tiketi ni mmoja. Tafadhali fafanua.

Fomu ya kufafanua ina orodha ya sababu za kuchagua. Mtoto mchanga ipo. Mlo maalumu wa kidaktari ipo. Mnyama wa huduma ipo. Bibi haipo.

Kijiweni walinishauri niseme nilikunywa zote mbili, na anayenijua mezani angeamini bila kiapo. Nikakataa. Kwanza nitakuwa nimeikana dua. Pili, nilikuwa nimeshasoma habari ya mama mmoja wa Ireland aliyekwama Faro, Ureno, wiki nzima mwaka 2010, majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga. Alidai chakula na malazi, shirika likagoma, kesi ikafika Mahakama ya Umoja wa Ulaya, na Januari 2013 akashinda: matunzo hayana kikomo cha siku wala cha fedha, mradi gharama iwe ya lazima, ya kufaa na ya kiasi. Nikawaandikia aya nne. Kwamba huyo bibi naye ni abiria wao, safari hiyohiyo, foleni hiyohiyo. Kwamba kwetu supu ya pili mbele ya mtu mzima ni ya lazima, inafaa, na kwa kuwa haikuwa na nazi ilikuwa hata chini ya kiasi.

Mwezi wa nne fedha zikaingia: euro 126.50, benki ikakata chake mlangoni. Nikajumlisha mara tatu. Hoteli, teksi, chai, supu moja. Chini wameandika kwamba supu ya pili idaiwe na abiria mwenyewe, kwa namba yake ya tiketi, akiambatanisha risiti yake.

Nikampigia bibi Tanga. Akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alisema haandiki barua kwa ajili ya dengu zisizo na nazi, ila nikipita Tanga kuna samaki wangu.

Jana nimekwenda Posta. Nimepita duka moja la vifaa vya ofisi hadi jingine, mtaa wa Samora wote, naulizia nani bado ana mashine ya faksi inayofanya kazi. Vijana wananitazama. Lakini nimeisoma ile karatasi vizuri: nilistahili faksi mbili, na sijatuma hata moja.