Sifa za Kocha wa Kijiweni

Makocha wenye vyeti vya CAF wakae pembeni kidogo, leo ni zamu ya mkubwa wao. Hana cheti, hana filimbi, na goti lake liliacha mpira tangu enzi za Mzee Mwinyi. Anapatikana Kisesa, Mwanza, barabara ya Musoma ukishapita Igoma, kwenye benchi la muuza kahawa, kashata mkononi, anapanga kikosi cha Simba. Akimaliza atapanga na cha Yanga, timu asiyoipenda, maana nao ni binadamu, wanahitaji msaada.

Kwanza tutazame rekodi yake: hajafungwa hata mara moja. Kikosi chake hakijawahi kukanyaga nyasi, na kikosi cha namna hiyo nani atakifunga? Wanaofungwa ni wale wanaolipwa mshahara. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walipata 5, Simba 1. Golini mwa Simba alianza Aishi Manula, aliyekuwa ametoka kwenye majeraha ya muda mrefu. Hakuanza Ally Salim, kijana aliyeokoa penalti tatu za Yanga kwenye Ngao ya Jamii mwezi Agosti kule Mkwakwani, Tanga. Asubuhi ya mechi kocha wetu alitamka, "Mechi ya watani ni ya Manula, uzoefu hauuzwi dukani." Usiku, kibanda umiza kilipotoa watu, alikuwa wa kwanza mlangoni: "Si niliwaambia Salim?" Yote mawili aliyasema kwa sauti ileile, na kila moja lilikuwa na mashahidi. Siku mbili baadaye Simba wakaachana na kocha wao, Robertinho. Kocha wetu hakuguswa. Alikuwa palepale kwenye benchi, anachagua kipa wa mechi inayofuata.

Wapo wanaomwita kigeugeu. Huo ni wivu. Kocha wa uwanjani analazimika kuchagua kipa mmoja, kisha anakufa naye. Huyu wetu anaanzisha wawili na kumlaumu yeyote kati yao.

Ana huruma pia, tena ya pekee: humpenda mchezaji asiyepangwa. Aliyeko benchi ni lulu. Akiingia dakika ya sitini, kufika ya sabini amekwisha, atolewe. Kocha wa Taifa Stars, Emmanuel Amunike, alipokwenda AFCON ya Misri mwaka 2019 bila Jonas Mkude na Ibrahim Ajib, wawili hao hawakuwahi kucheza vizuri kama majuma yale waliyobaki nyumbani. Taifa Stars ilifungwa na Senegal, ikafungwa na Kenya, ikafungwa na Algeria, na mechi zote tatu Mkude alizitawala kutoka Kisesa. Amunike akafukuzwa. Kwenye benchi la kahawa hakukuwa na mabadiliko yoyote ya ufundi.

Kwa Pamba, timu ya nyumbani, ana uchungu zaidi, kwa kuwa anaukumbuka ubingwa wa 1990 mchezaji kwa mchezaji. Pamba Jiji waliporudi Ligi Kuu mwaka 2024 walianza na kocha Goran Kopunović, na kufika Oktoba timu ikawa mikononi mwa Fred Felix Minziro. Kwenda uwanja wa Kirumba kumwona yeyote kati yao hakuhitaji. Nauli ni nauli, na mpira, anasema, unaonekana vizuri zaidi redioni.

Msidhani ukocha huu ameuokota barabarani. Hapo hapo Kisesa, jirani na kituo cha utamaduni cha Bujora, kila Juni kwenye tamasha la Bulabo, makundi ya Bagika na Bagalu hucheza ngoma kwa wakati mmoja, kila kundi na uwanja wake. Watazamaji hukimbilia wanakokutaka, hurudi, hukimbilia tena, na kundi lililovuta umati mkubwa ndilo limeshinda. Haya, mtu aliyekulia mahali ambapo mtazamaji ndiye hakimu, nani atamshawishi kwamba Jumamosi kazi yake ni kukata tiketi na kupiga makofi? Kituo cha Bujora chenyewe kilianzishwa na padri Mkanada, David Clement, na huko Kanada nako wapo wenzetu. Mashabiki wa timu ya Saskatchewan Roughriders huvaa tikiti maji kichwani kama kofia, halafu hubishana ni nani aanze kurusha ule mpira wao wenye umbo la yai. Wa kwetu anawazidi kwa jambo moja: tikiti maji analipeleka sokoni.

Viongozi wa klabu, nawaomba msije kumwajiri. Mkimpa timu atashinda mechi mbili, ya tatu atafungwa, na Jumatatu kijiwe chake mwenyewe kitaimba aondoke. Mwacheni alipo, hapo hana mpinzani. Nawe msomaji, ukishuka Kisesa mnunulie kahawa, amestahili. Ila kama una basi la kuwahi, usimuulize nani aanze golini.